Pete ya Mnyororo Kama Somo la Kuunga Chuma kwa Moto

Mwaka 1910, wanawake wafua minyororo wa Cradley Heath, Uingereza, waligoma kwa takriban wiki 10 wakidai walipwe kima cha chini cha mshahara. Wakiongozwa na Mary Macarthur, walishinda. Wengi wao walifanya kazi katika vibanda vya uani: tanuru dogo, mvukuto, fuawe na nyundo. Kila pete waliikunja, wakaipitisha ndani ya mwenzake, kisha wakaunga ncha zake kwa moto na nyundo tu.

Makala hii inapendekeza pete hiyohiyo iwe kipimo cha mhunzi anayejifunza.

Katika uungaji huu chuma hakiyeyuki. Kiwango chake cha kuyeyuka ni nyuzi 1,538 za Selsiasi. Mhunzi huunga chini ya hapo, kwenye 1,250 hadi 1,300 hivi kwa chuma laini. Kwa joto hilo, nyuso mbili safi zikigandamizwa hushikana zikawa kitu kimoja. Adui ni magamba meusi yanayoota chuma chenye moto kinapokutana na hewa. Boraksi huyalainisha magamba hayo yawe majimaji yanayofyatuka nyundo inapotua. Ndiyo maana ncha hufuliwa ziwe na mgongo kidogo: zigusane katikati kwanza, taka zipate njia ya kutokea pembeni.

Mwanafunzi aanze na nondo nyembamba ya chuma laini. Aipashe hadi iwe nyekundu, anyunyize boraksi, airudishe katikati ya makaa, kisha avukute polepole, kwani upepo mwingi huongeza magamba. Chuma kikiwa na rangi ya manjano iliyopauka na boraksi inatiririka juu yake kama samli, wakati umefika. Cheche nyeupe zikianza kuruka, chuma kinaungua.

Hapo ndipo wengi huharibu. Kwa pupa hushusha pigo zito, ncha zikateleza; au huilaza pete juu ya fuawe baridi huku wakitafuta nyundo, joto likapotea. Mapigo ya kwanza yawe mepesi na ya haraka. Nguvu ije baadaye, ncha zikishashikana.

Springi za gari zisubiri. Chuma chake kina kaboni nyingi zaidi, mara nyingi na kromiamu pia, hivyo huungua mapema na hukataa kushikana. Mabomba na vyuma vilivyopakwa zinki visiingie tanuruni kabisa, kwa kuwa moshi wake huleta homa. Miwani ivaliwe, maana boraksi ya moto huruka.

Pete ikipoa, ibanwe kwenye jiliwa na kupindwa. Ufa ukifunguka pale ilipoungwa, kazi irudiwe. Wakufunzi wanaombwa wasimpe mwanafunzi shoka wala panga la kuunga kabla hajafua pete 10 mfululizo zinazostahimili jaribio hilo.