Kidole Tumbo Kikikatwa, Kipimwe

Septemba 1992 mwigizaji Audrey Hepburn alifika Somalia na Kenya akiwa balozi wa UNICEF, njaa ikiwamaliza watoto wa Somalia. Aliporudi, alikuwa na maumivu ya tumbo. Novemba, madaktari wa Los Angeles walimpasua wakakuta saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo na kusambaa. Alifariki tarehe 20 Januari 1993, akiwa na miaka 63.

Kidole tumbo tumezoea kukijua kwa ugonjwa mmoja: kinavimba, kinakatwa, mtu anarudi nyumbani. Saratani yake ni adimu, mtu mmoja au wawili kwa kila 100,000 kwa mwaka. Tena haijitambulishi. Mgonjwa anapasuliwa akidhaniwa ana uvimbe wa kawaida, jibu linakuja siku kadhaa baadaye kutoka kwenye darubini ya maabara. Katika vidole tumbo 100 vinavyokatwa, kama kimoja hivi hukutwa nayo.

Ikigunduliwa mapema, kazi huwa nyepesi. Kuna aina ambayo uvimbe ukiwa chini ya sentimita 1, ule upasuaji wa kwanza mara nyingi ndio tiba yenyewe. Ukizidi sentimita 2, kwa kawaida mgonjwa hurudishwa mezani akakatwe upande wa kulia wa utumbo mpana.

Balaa ni ile inayotoa ute. Kidole kikipasuka, ute humwagika na mbegu za saratani huota kwenye utando wa tumbo. Tumbo linajaa polepole, suruali haifungi, mtu anadhani amenenepa. Zamani madaktari walichota ute, ukajaa, wakachota tena. Daktari Paul Sugarbaker wa Washington akashika njia nyingine: ondoa kila kinachoonekana, utando, hata wengu na kifuko cha nyongo ikibidi, kisha osha tumbo kwa dawa ya saratani iliyopashwa hadi nyuzijoto 42 hivi. Mgonjwa anaweza kukaa mezani saa kumi.

Wapo madaktari walioona huo ni ukatili. Lakini mwaka 2012 zilitoka takwimu za wagonjwa 2,298 waliotibiwa hivyo kutoka vituo 16: asilimia 63 walikuwa hai baada ya miaka kumi. Asilimia 2 walikufa kwa matibabu yenyewe, na karibu robo walipata matatizo makubwa. Si bei ndogo, ila mimi naona inalipika. Tusidanganyane, hata hivyo: hao walipasuliwa na mabingwa wa kazi hiyo hiyo, na wenye saratani kali, au waliobakiwa na uvimbe tumboni, hawakufika mbali hivyo.

Yote hayo huanza na kile kipande kilichokatwa. Kikitupwa, hakuna atakayejua mpaka tumbo lijae. Najua kipimo kina gharama, na majibu huchelewa. Hata hivyo, wewe au ndugu yako akipasuliwa kidole tumbo, muulizeni daktari kimepelekwa maabara gani, na siku ya kutoa nyuzi msiondoke bila majibu ya maandishi.