Nebula ya Tai kwa Kamera Isiyo na Rangi

Nebula ya Tai, iliyoorodheshwa kwa jina la M16, ni wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 7,000 kutoka duniani. Nyota changa zilizozaliwa humo humwaga mionzi ya urujuanimno, na gesi inayopigwa na mionzi hiyo hutoa nuru yake yenyewe. Kila elementi ina nuru yake: hidrojeni hung'aa kwa wimbi la nanomita 656.3, ambalo ni jekundu. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili kwa 500.7, kijani cha kusogelea buluu. Salfa iliyopoteza elektroni moja kwa 671.6 na 673.1, nyekundu pia.

Katika kamera ya kawaida, nusu ya pikseli hufunikwa kwa kijani, robo kwa nyekundu na robo kwa buluu. Hivyo nuru ya hidrojeni hupokewa vyema na robo tu ya pikseli. Kamera ya nyeusi na nyeupe haina vifuniko hivyo. Pikseli zote hufanya kazi. Rangi hutenganishwa na vichujio vilivyopangwa kwenye gurudumu mbele yake, kila kimoja kwa zamu. Kichujio chembamba hupitisha nanomita 3 hadi 7 tu, kikazuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa za mji na wa mwezi.

Darubini huzungushwa polepole kuifuata nyota, na kamera hupozwa, mara nyingi hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, ili joto lisitie chenga. Kwa kila kichujio hupigwa picha nyingi, pengine za dakika tano tano, kisha kompyuta huziunganisha: picha 16 hupunguza chenga mara nne. Picha zilizopigwa lenzi ikiwa imezibwa huondoa madoa ya joto. Zilizopigwa kwenye mwanga uliotandaa sawasawa huondoa vivuli vya vumbi.

Mwisho hutiwa rangi. Mwaka 1995, Jeff Hester na Paul Scowen walipoipiga nebula hii kwa darubini ya anga ya Hubble, salfa ilipewa nyekundu, hidrojeni kijani na oksijeni buluu, kwa kufuata mpangilio wa mawimbi. Rangi hizo si uongo. Nyekundu ya hidrojeni na nyekundu ya salfa jicho haliwezi kuzibagua. Picha huzitenga ili ionekane gesi ipi iko wapi.

Mwishoni mwa Juni, wakati wa kipupwe, karibu na saa sita usiku, Nebula ya Tai hupita karibu utosini Dar es Salaam, nyuzi 7 tu kuelekea kusini. Hapo nuru yake hukatiza hewa kidogo kuliko inapokuwa karibu na upeo wa macho, na picha hutoka safi zaidi.