Kabla ya Mtoto Kushika Penseli

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wazazi, wiki ya maadhimisho ya hekalu letu



Tumeombwa tuseme machache juu ya kumwandaa mtoto nyumbani kabla hajaanza shule ya awali, ile ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la shule ya vidudu, na siku hizi huitwa chekechea. Sisi si walimu. Elimu yetu ilikomea sekondari, kisha tukaingia dukani, na dukani tukabaki. Kilichotupa ujasiri wa kusimama hapa ni kosa tulilolifanya katika nyumba yetu wenyewe, sisi babu na bibi, pamoja na wazazi wa mtoto.

Mjukuu wetu alipotimiza miaka mitatu, tulisikia kwamba shule tuliyoitamani huwafanyia watoto usaili. Tukashikwa na hofu ile imshikayo mfanyabiashara asikiapo kuwa mwenzake amekwisha kuagiza shehena. Tukamtafutia mwalimu wa tuisheni. Kila alasiri mtoto aliketishwa mezani, miguu ikining'inia, akafuatisha herufi juu ya nukta. Baada ya miezi michache aliweza kuandika jina lake na kuhesabu hadi mia moja kwa Kiingereza. Wageni walipofika tulimwita sebuleni azitaje herufi, nao wakapiga makofi. Usaili akaufaulu.

Januari ikafika. Siku ya tatu tuliitwa shuleni. Mtoto alikuwa amejilowesha, amejificha nyuma ya mlango wa darasa, na hataki kutoka. Hakujua kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda msalani, kwa maana nyumbani hakuwahi kuomba. Alitazama tu, na mtu akamchukua. Kifungo cha kaptula hakuweza kukifungua. Chakula chake kilikuwa kikirudi kama kilivyokwenda, siku zote tatu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumlisha, na kifuniko cha chombo kilikuwa kigumu. Mtoto ajuaye kuhesabu hadi mia moja alishinda na njaa, chakula kikiwa mbele yake.

Tulimlaumu mwalimu. Tunaona haya kulisema hilo leo mbele yenu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza swali moja tu: nyumbani, mtoto huyu hufanya nini mwenyewe? Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Rika la mjukuu wetu alikuwapo mtoto wa mlinzi wetu, naye mwaka huohuo alianza darasa la awali katika shule ya serikali. Mtoto yule alikuwa akiamkia wakubwa shikamoo bila kukumbushwa, akijivika viatu, akitumwa kwa jirani na kurudi na jibu. Herufi hakuijua hata moja. Kabla mwezi haujaisha alikuwa na marafiki, na wa kwetu bado analia langoni. Tangu mwaka 2014, Sera ya Elimu na Mafunzo imeufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza. Basi kusoma na kuandika kumekwisha kutengewa mahali, na wako watu waliosomea kazi hiyo. Kazi iliyobaki kwetu ni ile ambayo mwalimu mwenye watoto thelathini au zaidi hawezi kuifanya kwa niaba yetu.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Mwaka 1907 kijana mmoja wa Saurashtra, Gijubhai Badheka, alivuka bahari kuja Afrika Mashariki kutafuta riziki, kama walivyofanya babu zetu. Hakukaa sana, alirudi Bara Hindi, akasomea sheria, akawa wakili. Alipopata mtoto wa kiume akaanza kujiuliza atamlea vipi. Akayasoma mafundisho ya Maria Montessori wa Italia, akauacha uwakili, na mwaka 1920 akafungua Bal Mandir huko Bhavnagar, yaani hekalu la watoto. Humo watoto walisimuliwa hadithi, wakaimba, wakacheza, wakashika kazi kwa mikono yao, wala hawakupigwa. Watu wakampa jina la Mama Mwenye Masharubu. Tunajiuliza wakili yule angesema nini lau angalimwona mjukuu wetu akiandika nukta kwa nukta, miguu ikining'inia.

Baada ya mkasa ule tulianza upya, na tulianzia jikoni. Bibi yake, ambaye nyumbani twamwita Ba, humpa kidonge cha unga kila anapopika chapati. Mtoto hukikanda, hukiviringa, hukisukuma. Chapati yake hutoka na umbo la ramani ya nchi isiyojulikana, nasi huila. Hubandua njegere. Hutenga choroko na mbaazi zilizochanganywa katika sinia, na kwa kufanya hivyo hujifunza kutofautisha rangi na ukubwa, na vidole vyake hupata nguvu zitakazoishika penseli wakati wake ukifika. (Aliye mdogo zaidi asiachwe peke yake na punje hizo, watoto huzitia puani, nasi tumewahi kukimbia hospitali usiku kwa ajili ya mbaazi moja.) Humimina maji kutoka jagi hadi kikombe. Wiki za kwanza sakafu ililowa kila siku, na ilitubidi tuuzuie mkono wetu usimpokonye jagi. Tunakiri kwamba kuuzuia mkono huo kulikuwa kugumu kuliko kuzilipa ada zote za tuisheni.

Hekalu nalo lina shule yake, ila twapita juu yake bila kuiona. Tazameni pale mlangoni penye viatu. Mtoto avue mwenyewe, aviweke pamoja, na arudipo avitafute katikati ya viatu mia, atambue pea yake, na ajue upi wa kulia na upi wa kushoto. Jambo hilo huchukua dakika tano, nasi tuna haraka, basi twainama na kumvika. Wakati wa aarti hujifunza kutulia mpaka kengele ikome. Wakati wa prasad hujifunza kungoja zamu, kupokea kwa mkono wa kuume, na kushukuru. Mwalimu wa chekechea angefurahi mno kumpokea mtoto ajuaye kungoja zamu.

Sasa tuje kwenye lugha, na hapa tuwieni radhi tukikaa kidogo. Nyumbani kwetu twasema Kigujarati. Shuleni mwalimu hufundisha kwa Kiingereza. Uwanjani watoto hucheza kwa Kiswahili. Wako waliotushauri tuiache lugha ya nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Sisi hatukukubali. Kwa Kigujarati, dada ni babu mzaa baba. Kwa Kiswahili, kama mjuavyo, dada ni ndugu wa kike, na ndivyo pia tumwitavyo binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Mjukuu wetu akiita "Dada!" kutoka chumbani, sisi na yule binti twajua mara moja ni nani anayeitwa, kwa sauti yake tu. Mtoto wa miaka minne hulimudu hilo bila kufundishwa. Alichokikosa kilikuwa maneno machache ya kujitetea katika lugha inayosikika pale alipo: naomba kwenda msalani, naumwa, sitaki, naomba unisaidie. Hayo tungeweza kumzoeza kwa juma moja, tukicheza.

Ba alimsimulia hadithi ya Panchatantra, ya nyani na mamba, ambamo nyani huponea chupuchupu kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha mtini. Juma lililofuata yule binti akamsimulia ya kima na papa. Mtoto akarudi mbio: "Ba, dada naye anaijua hadithi yako!" Naam, anaijua. Edward Steere aliichapa katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili cha mwaka 1870, ndani ya kisa cha punda wa dobi, kama alivyosimuliwa Unguja. Hadithi ile imevuka bahari kabla ya wengi wa babu zetu. Kila mlezi katika nyumba zetu, awe bibi au msaidizi, ana hazina ya namna hiyo, nasi twamnyamazisha kwa kumpa mtoto simu.

Tuongeze neno moja ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mtoto anayemwambia msaidizi "lete maji" pasipo kusema "naomba" atafika shuleni akute hakuna wa kumwamuru. Ameyatoa wapi? Ameyatoa kwetu.

Kuhusu kuagana, tulimzoeza kwa kumwacha kwa jirani saa moja, kisha mbili. Hatukumtoroka. Tulimwambia tutarudi lini, kwa saa aijuayo yeye: ukimaliza uji, ukiamka usingizini. Tukarudi wakati huohuo. Aliyechelewa kuzoea ni Ba.

Sasa lile lililotuleta hasa. Katika mkutano uliopita familia yetu iliahidi kununua meza ndogo na vishikwambi kwa ajili ya darasa la kuwaandaa watoto wa miaka mitatu na minne kwa usaili, katika ukumbi wa chini. Ahadi ile ilitolewa kabla ya ile siku ya tatu ya shule. Ahadi ni deni, wala hatuirudishi mfukoni. Lakini tunaiomba Halmashauri iturusu tuigeuze. Kwa fedha zilezile tununue mikeka, mabeseni, majagi, vikombe na rafu ya viatu yenye kimo cha mtoto. Ukumbi ufunguliwe kila Jumamosi asubuhi kwa watoto wetu na wa majirani pamoja. Na wazee wanaoketi barazani baada ya sala waombwe kuja kusimulia, kila mmoja kwa lugha yake. Twajua wako wazazi wanaolingoja darasa la usaili, na wengine wao wamekwisha kuandikisha majina. Hofu yao twaijua, kwa kuwa ilikuwa yetu.

Halmashauri itaamua Jumapili ijayo. Likikubaliwa hili tunaloliomba, Ba atakuja na unga wake, nasi tutaleta ile mizani ya zamani ya dukani, yenye sahani mbili na mawe yake. Mjukuu wetu amekwisha kugundua kwamba kiatu kimoja cha babu ni kizito kuliko viwili vyake, na anataka kuwaonyesha wenzake.