Vijana na Maana ya Maisha: Nani Atunge Maswali?

Mada kwa wakazi wa kata za Nachingwea na Ruangwa



Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa kijana huulizwa mambo mengi. Huulizwa amesoma hadi darasa la ngapi, ana ekari ngapi za mikorosho, ameuza kilo ngapi za ufuta kupitia chama chake cha msingi, na yumo katika kikundi gani ili aombe mkopo wa halmashauri. Ni nadra kuulizwa anaishi kwa ajili ya nini. Swali hilo limekwisha kuwa fani ya utafiti duniani, na watafiti wake wanaweza kufika katika kata yoyote. Mada hii ina hoja moja: utafiti juu ya maana katika maisha ya vijana hautaleta majibu ya kweli endapo vijana wenyewe hawatakaa na wataalamu tangu siku ya kutunga maswali.

Fani hiyo ina historia. Mwaka 1946 daktari Viktor Frankl wa Vienna, aliyenusurika katika kambi za mateso za Wanazi, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba mtu huweza kustahimili dhiki kubwa akiwa na sababu ya kuishi. Baadaye Erik Erikson alifundisha kwamba ujana ndio umri ambao mtu hujiuliza yeye ni nani na nafasi yake katika jamii ni ipi. Mwaka 2006 Michael Steger na wenzake nchini Marekani walichapisha dodoso la kauli 10. Kauli 5 hupima kama mtu anaona maisha yake yana maana. Nyingine 5 hupima kama bado anaitafuta maana hiyo. Anayejibu hutoa alama kuanzia 1 hadi 7. Dodoso hilo ni fupi na linatumika katika nchi nyingi.

Tatizo huanza linapofika kwenye Kiswahili. Kumwambia mtu kwamba hana maana ni kumtukana. Ni kusema kwamba hafai kitu. Kijana wa bodaboda akisomewa kauli kwamba maisha yake hayana maana, atasikia dharau kabla hajasikia swali. Huenda akajibu kwa kujitetea na kujipa alama ya juu, hata kama usiku halali kwa mawazo. Kauli za kutafuta nazo zina mtego wake. Kijana anayeondoka Ruangwa kwenda Dar es Salaam husema anakwenda kutafuta maisha, naye anakusudia kazi, fedha na chumba cha kupanga. Akiulizwa kama anatafuta maana ya maisha, atasema ndiyo, na mtafiti ataandika kwamba kijana huyo ana kiu ya nafsi, ilhali alikuwa akizungumzia mtaji.

Mtaalamu aliyebobea katika takwimu hawezi kuliona kosa hilo kwa kutazama namba, kwa kuwa namba zitakuwa nadhifu. Kijana wa kata atalibaini mara moja, naye ndiye atakayependekeza namna nyingine ya kuuliza: ni jambo gani linakufanya uamke asubuhi, usipoonekana kwa wiki moja, ni nani ataliona pengo lako, ni lini ulijihisi kuwa mtu mbele za watu. Katika maswali ya namna hiyo neno lenyewe la maana halimo, lakini jambo linaloulizwa ni lile lile.

Nachingwea inajua gharama ya mpango usiowauliza wenyeji. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa wataalamu uliozunguka kwa muda wa wiki 9, sehemu kubwa ukitazama ardhi kutoka angani kwa ndege. Mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango uliachwa, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36, na mwaka 1962 reli iking'olewa. Wakulima walioijua mvua na udongo wa mahali hapo walikuwepo muda wote. Wataalamu wa mpango ule hawakuwa wajinga. Walikosa watu wa kuwasahihisha mapema.

Nchi hii ina mfano mwingine ulio bora. Katika miaka ya 1970 mtafiti Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, pamoja na watafiti wa Kitanzania, waliendesha mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo, ambamo wanavijiji walishiriki kuchunguza mambo yao wenyewe. Katika miaka ya 1990 mbinu shirikishi zilitumika katika mikoa ya Mtwara na Lindi kupitia mpango wa RIPS uliofadhiliwa na Finland. Wazee wengi wa vijiji hawahitaji kufundishwa utafiti shirikishi ni nini. Kilichobaki ni kuipeleka desturi hiyo kwa wenye umri mdogo, na katika jambo lisilopimwa kwa ekari wala kwa kilo.

Kushiriki kuna viwango. Mwaka 1992 Roger Hart, katika chapisho la UNICEF, alieleza ngazi yenye vidato 8 vya ushiriki wa watoto na vijana, akasema kwamba vidato 3 vya chini si ushiriki hata kidogo: kijana hutumiwa, hufanywa pambo, au huwekwa mbele ili ionekane kwamba yupo. Kijana anayeitwa siku ya uzinduzi, akapewa fulana na kupigwa picha, bado yuko chini ya ngazi. Kijana anayeweza kusema kwamba swali hili lifutwe, na likafutwa, huyo amepanda.

Kila upande una kazi yake. Mtaalamu huleta mbinu za kuchagua sampuli, kulinda siri, kupima kama swali moja linaeleweka kwa namna ileile kwa watu wengi, na kutambua dalili za huzuni nzito zinazohitaji msaada wa daktari. Kijana huleta lugha, uzoefu na uaminifu wa wenzake. Mtaalamu akiachiwa peke yake atapima kisichokuwepo. Kijana akiachiwa peke yake anaweza kuchukua mawazo ya marafiki zake akadhani ni ya kata nzima.

Ndiyo maana ni muhimu kuuliza ni vijana gani watakaochaguliwa. Si sahihi kuwachukua wale tu wanaozungumza vizuri mikutanoni. Wapo wasichana walioacha shule, wachimbaji wadogo, vibarua wa msimu wa korosho, vijana wenye ulemavu, na mashabiki wa Namungo ambao hukutana uwanjani kuliko mahali pengine popote. Wapo pia waliosahauliwa na utaratibu wenyewe. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 humhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, lakini wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wenye miaka 18 na kuendelea. Mwenye miaka 16 ni kijana kwa sera, ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mkutanoni hana kiti. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake.

Lipo pia eneo la heshima. Kwa vizazi vingi, miongoni mwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, jando na unyago ndivyo vilivyomweleza kijana yeye ni nani na anadaiwa nini na jamii. Mtafiti wa maana ya maisha hawezi kulipita hilo. Lakini mafunzo ya kumbini yana siri zake, na hakuna kijana anayepaswa kushawishiwa kuzitoa. Vijana na wazee wakikaa pamoja wanaweza kuweka mpaka: lipi linaulizwa, lipi linaachwa.

Mkazi anayetembelewa na mtafiti ana haki ya kuona kibali cha utafiti kutoka mamlaka husika na barua ya utambulisho kupitia mkoa na wilaya. Ana haki ya kuelezwa lengo, kukataa bila kuadhibiwa, na kuacha katikati. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi hutoa ridhaa, na mtoto mwenyewe naye huulizwa kama yuko tayari. Juu ya hayo, kijiji kinaweza kudai kwamba matokeo yarudi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau mara moja kila miezi 3. Hapo ndipo pa kuyasoma, kwa Kiswahili, na vijana walioshiriki wakiwa miongoni mwa wasomaji.

Faida yake inagusa huduma moja kwa moja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Mkopo humsaidia kijana aliyekosa mtaji. Haumtoshi aliyekata tamaa. Huyo huhitaji mtu wa kumsikiliza, kazi ya pamoja, mlezi, au kituo cha afya kilicho tayari kumpokea. Aliyekosa mtaji na aliyekata tamaa huweza kukaa kijiweni benchi moja na kuitwa wavivu kwa jina moja. Utafiti uliotungwa vizuri huwatofautisha, na kila mmoja akapata huduma inayomfaa.

Kwa hiyo mtafiti atakapobisha hodi katika ofisi ya kata, yafaa swali la kwanza litoke kwa wenyeji: maswali haya yametungwa na nani, na ni vijana gani wa hapa waliyaona kabla hayajachapwa?