Kamera dirishani
Msikilizaji, magoti yakigoma kupanda ngazi, kamera usiifungie kabatini. André Kertész, mpiga picha mzaliwa wa Hungaria, alifiwa na mkewe mwaka 1977. Akiwa mzee wa miaka 80 na ushei, aliweka sanamu ndogo ya kioo iliyomkumbusha mkewe kwenye dirisha la nyumba yake New York, akaipiga picha kwa Polaroid. Mimi nazipenda picha hizo kuliko zile za ujanani mwake.

Mikono inatetemeka? Bana viwiko mbavuni, egemea ukuta, spidi ya shata isishuke chini ya sehemu 1 ya 250 ya sekunde. Kamera ikiwa kwenye stendi, tegesha taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Kitundu cha kuchungulia kina ukungu? Kamera nyingi zina kigurudumu kidogo pembeni yake. Kizungushe hadi maandishi ya ndani yasomeke. Lenzi nzito waachie wajukuu, wenye mabega.