HESABU ZA KICHWA NI NGAO YA MKULIMA



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni kuhesabu kwa kichwa. Pengine mtu atauliza: sasa simu zimeenea kila mahali, na ndani ya simu mna kikokotoo, ya nini basi kuuchosha ubongo? Swali hilo linastahili jibu, na jibu lake lipo hapa hapa Tunduma.

Mji wetu uko mpakani. Ukivuka hatua chache umefika Nakonde, Zambia. Barabara kuu inapita hapa, reli ya TAZARA inapita hapa, na tangu mwaka 2019 nchi hizi mbili zinahudumia wasafiri na mizigo katika kituo cha pamoja cha forodha. Mahindi ya Mbozi na mpunga wa Momba hupata wanunuzi wa pande zote mbili. Kwa hiyo mwananchi wa hapa huishi na fedha za aina mbili, shilingi na kwacha.

Nitatoa mfano, wala si bei ya leo. Mkulima ana kwacha 350, na wamekubaliana kwamba kwacha 1 ni shilingi 120. Mbadilishaji fedha anabonyeza kikokotoo, kisha anamwonyesha kioo: 35,700. Mkulima anapokea, anashukuru, anakwenda zake. Lakini 350 mara 100 ni 35,000; 350 mara 20 ni 7,000; jumla ni 42,000. Ndugu yetu amepoteza shilingi 6,300. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilizidisha kwa 102 kwa sababu ndivyo ilivyoamriwa. Iwe ni kidole kilichoteleza au ni ulaghai, hasara ni ile ile.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kikokotoo hujibu swali lililobonyezwa; hakilijui swali mliloafikiana. Mwenye kulijua ni wewe, na usipokuwa na kadirio kichwani mwako huna cha kukipimia kile unachoonyeshwa.

Tukumbuke pia mwaka 2013, Zambia ilipoondoa sifuri tatu katika fedha yake. Kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya, na kwa miezi sita noti za zamani na mpya zilitumika pamoja. Wakati kama huo mashine haiwezi kukuambia ni noti ipi uliyoishika. Usalama wa mtu ulikuwa katika kuzielewa sifuri zenyewe.

Sisemi kikokotoo kitupwe. Karani wa forodha na mhandisi wanakihitaji, na hesabu ndefu ni zake. Nasema tu kwamba kije baada ya akili, kisije mahali pake. Nchi hii ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wetu hawakufundishwa kusoma na kuandika peke yake. Walifundishwa na kuhesabu, kwa kuwa asiyejua kuhesabu huuza jasho lake kwa hesabu ya mtu mwingine.

Basi tufanye nini? Walimu, zirudisheni dakika tano za hesabu za kichwa kila asubuhi, na tebo zikaririwe mpaka zizoeleke. Wazazi, mnapomtuma mtoto dukani, mwulizeni kwanza atarudi na chenji kiasi gani. Nanyi wanafunzi, jifunzeni njia nyepesi. Debe 37 kwa shilingi 9,800 kila moja zisikutishe: hesabu 37 kwa 10,000, upate 370,000, kisha toa 37 mara 200, yaani 7,400. Zinabaki 362,600. Mwenye mazoezi atakuwa na jibu kabla simu haijatoka mfukoni.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kwanza ni kichwa cha mtu mwenyewe. Haliishiwi chaji, na hakuna awezaye kulibonyeza kwa niaba yako.