Mbacha na Msala

Msikilizaji, Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo mbacha nao huchakaa.

Mwezi Aprili mwaka 2022, Halmashauri ya Jiji la Birmingham, nchini Uingereza, iliiacha programu ya SAP, iliyoitumia tangu mwaka 1999, ikahamia ile ya Oracle. Gharama iliyokadiriwa kuwa takriban pauni milioni 19 ilitajwa kukaribia milioni 100 mwaka 2023. Mfumo mpya ulikuwa umelazimishwa kufuata desturi za ule wa kale. Hesabu za benki hazikulingana, wahasibu wakarejea kazi ya mikono. Septemba 2023 halmashauri ilitangaza kuishiwa fedha, ingawa madai ya usawa wa mishahara yalikuwa mzigo mkubwa zaidi.

Chuo Kikuu cha Edinburgh nacho kilibadili mfumo wake wa fedha mwaka 2022, na baadhi ya wanafunzi wa uzamivu wakacheleweshewa posho.

Kwa vyuo vya Afrika Mashariki vinavyojiandaa kwa safari hiyo, funzo ni hili: wanaoutumia mfumo kila siku waulizwe kwanza, kumbukumbu zihakikiwe, na ule mpya ujaribiwe kabla ule wa kale haujazimwa. Mbacha hukunjwa msala ukishatandikwa.